Miwani ya tiba isifunike gunia la lumbesa

Si kosa kusema kwamba mji wa Tunduma umejengwa juu ya migongo ya watu. Tangu barabara kuu ya kwenda Zambia ilipofunguliwa, na tangu reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, mji huo umekuwa na kazi moja ya kudumu, nayo ni kupitisha mizigo ya mataifa. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo hufika hapo baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900. Mahindi, mpunga na maharage ya Nyanda za Juu Kusini hupakiwa na kupakuliwa hapo. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kati ya Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kimerahisisha karatasi za mizigo hiyo. Lakini gunia lenyewe bado hupanda lorini juu ya bega la mtu.

Mtu huyo ndiye anayestahili kufikiriwa. Akiwa kijana hubeba bila kulalamika, na wenzake humsifu kwa nguvu zake. Baada ya miaka kadhaa kiuno huanza kumwuma jioni, kisha asubuhi, kisha wakati wote. Wala hayuko peke yake. Yupo dereva ambaye mtikisiko wa lori umemwingia katika uti wa mgongo. Yupo mkulima wa kahawa wa Mbozi ainamaye na jembe la mkono, na yupo mchimbaji wa dhahabu wa wilaya ya Songwe. Yupo pia mwalimu asimamaye mbele ya ubao mchana kutwa na kuinamia madaftari ya wanafunzi hadi usiku. Wote hao huugua ugonjwa mmoja usioonekana kwa macho, ambao wataalamu huuita maumivu sugu.

Maumivu huhesabiwa kuwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Zamani yalichukuliwa kuwa dalili tu ya ugonjwa mwingine. Lakini orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyapa nafasi yake yenyewe, kwa kuwa imethibitika kwamba maumivu yaweza kuendelea hata baada ya jeraha lililoyaanzisha kupona. Mgongo ndio unaoongoza. Inakadiriwa kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya kazi zao.

Tiba ya watu wengi kwa sasa ni ile inayopatikana haraka. Mtu hupita duka la dawa, akanunua vidonge vya diklofenaki, akameza na kurudi kazini. Kesho hufanya vivyo hivyo, na mwezi ujao vivyo hivyo. Dawa hizo zina manufaa zikitumika kwa muda mfupi na kwa kipimo, lakini zikigeuzwa kuwa chakula cha kila siku huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Wengine hununua mikanda ya kiuno, wakaamini kwamba ugonjwa wao umepata dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo, lilishauri mikanda hiyo isitumike kama tiba ya kawaida, wala wagonjwa wasivutwe uti wa mgongo kwa mitambo, wala wasipewe dawa za jamii ya afyuni. Lililoshauri ni elimu ya kumwezesha mgonjwa kujitunza, mazoezi yenye mpango, tiba ya viungo na tiba ya kisaikolojia. Dawa, kama vile hizo za diklofenaki, zitumike kwa uangalifu pale zinapofaa.

MIWANI YA UHALISIA PEPE

Ni katika hali hiyo ambapo habari za tiba mpya zimeanza kuwafikia wasomi wa nchi hii. Inasemwa kwamba huko ng'ambo mgonjwa huvikwa miwani mikubwa inayofunika macho yote, akaona mbele yake dunia nyingine iliyotengenezwa na kompyuta, na maumivu yakapungua bila kidonge. Dunia hiyo huitwa uhalisia pepe. Habari hizo si uzushi, na haifai kuzicheka. Lakini haifai pia kuzipokea kama wanavyopokewa waganga wa kutangatanga, wasioulizwa kilichomo ndani ya mkoba.

Mwanzo wake unajulikana. Katika miaka ya 1990, mtaalamu Hunter Hoffman na mwenzake David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, katika jiji la Seattle nchini Marekani, walikuwa wakishughulika na wagonjwa walioungua moto. Kusafishwa kwa vidonda vya moto ni mateso makubwa. Wakamtengenezea mgonjwa dunia ya theluji, ambamo alipita katika bonde la barafu akirusha matonge ya theluji huku wauguzi wakifanya kazi yao. Akili ya mgonjwa ikashughulishwa, na maumivu aliyoyahisi yakapungua.

Hata hivyo maumivu ya kidonda kinachosafishwa ni ya muda, ilhali maumivu ya mchukuzi wa Tunduma hulala na kuamka naye. Mtu hawezi kuishi ndani ya miwani. Kwa hiyo tiba iliyofuata ilibadili shabaha. Badala ya kumsahaulisha mgonjwa, ilikusudia kumfundisha. Novemba 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho EaseVRx, kitumiwe kwa cheti cha daktari na watu wazima wenye maumivu sugu ya mgongo. Mgonjwa hukitumia nyumbani kwake kwa dakika chache kila siku, kwa muda wa majuma manane. Ndani yake hufundishwa kupumua taratibu, kulegeza misuli, kuhamisha mawazo, na kuelewa namna maumivu yanavyofanya kazi mwilini.

Majaribio yake yalihusisha watu 179. Mwisho wa tiba, asilimia 66 ya waliotumia kifaa hicho walisema maumivu yao yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30. Katika kundi la kulinganisha, lililoonyeshwa picha za kawaida zisizo na mafunzo hayo, asilimia 41 walisema hivyo hivyo. Watu wapatao mmoja katika kila watano walilalamika kwamba kifaa kinawakera kichwani, na karibu mmoja katika kila 10 alipata kichefuchefu. Kwa takwimu hizo, tiba hii ina faida ya kweli, lakini si muujiza. Wapo iliowasaidia sana, wapo iliowasaidia kidogo, na wapo ambao haikuwasaidia hata kidogo.

MAUMIVU SI UVIVU

Yafaa msomaji aelewe kwa nini mafunzo ya namna hiyo yaweze kupunguza maumivu ya mwili. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba habari za maumivu haziendi moja kwa moja kutoka kwenye kidonda hadi kwenye ubongo. Katika uti wa mgongo ziko kama zinazopita katika lango, ambalo laweza kufunguka zaidi au kufungwa, na ubongo wenyewe unashiriki katika kulifungua na kulifunga. Hofu, uchovu, kukosa usingizi na kukata tamaa hulifungua. Utulivu, kazi ya kiasi, mazoezi na matumaini husaidia kulifunga. Utafiti uliofuata umeonyesha kuwa maumivu yakidumu sana, mishipa ya fahamu hujifunza kuuma. Huwa kama mlinzi anayeendelea kupiga mbiu ya moto usiku kucha, ingawa moto umezimwa tangu magharibi.

Hapa pana hatari inayopasa kutajwa waziwazi. Yuko msimamizi atakayesoma maneno hayo na kusema, "Kumbe maumivu yako kichwani tu, basi huyu anajitia ugonjwa." La hasha. Sayansi haikusema hivyo. Mishipa ya fahamu ni sehemu ya mwili kama ulivyo mfupa, na mbiu inayopigwa na mlinzi yule ni sauti ya kweli inayomnyima mtu usingizi. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwalimu mkuu anayemwita mvivu mwalimu mwenye ugonjwa wa mgongo hana kipimo cha kumpinga mgonjwa, na vivyo hivyo yule anayemchapa mwanafunzi mwenye sikoseli kwa kukosa masomo, ilhali mtoto huyo ametoka kulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Hatua ya kwanza ya tiba ya maumivu haihitaji umeme wala fedha. Ni kumsadiki anayeumwa.

Kumsadiki ni pamoja na kumpima. Mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo akipata ganzi au udhaifu wa miguu, akishindwa kuzuia haja, akiwa na homa za mara kwa mara au akikonda bila sababu, hana budi kufikishwa hospitali upesi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo hapa nchini, na hakiponi kwa miwani wala kwa kupumua taratibu. Tiba yoyote ya kidijitali itakayomliwaza mgonjwa wa namna hiyo hata akachelewa kupimwa itakuwa imemdhuru.

CHOMBO NA KILICHOMO

Swali lililo mbele ya wapangaji wa afya mkoani Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 na wenye watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya mwaka 2022, si kama miwani hiyo ni nzuri au mbaya. Swali ni kilichomo ndani yake ni nini, na ni kwa njia gani kinaweza kumfikia mchukuzi wa Tunduma na mkulima wa Ileje mapema zaidi. Kilichomo ni mafunzo, na mafunzo yana njia nyingi za kusafiria. Mfano wa karibu upo. Taasisi ya Saratani Ocean Road ilijaribu mfumo wa simu uitwao mPalliative Care Link, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Kwa mfumo huo, mgonjwa wa saratani aliyerudi nyumbani, au ndugu anayemwuguza, huulizwa kuhusu maumivu yake na dalili nyingine, na majibu yakamfikia mtaalamu aliye mbali. Hapakuhitajika dunia ya theluji. Ilitosha simu, maswali yaliyopangwa vizuri, na mtu wa kusikiliza upande wa pili.

Mfano mwingine ni wa zamani, na walimu wakongwe wanaukumbuka. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Redio ilisema, kijitabu kikaeleza, kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi hiyo akaongoza majadiliano, kisha wanakikundi wakanyanyuka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Chombo cha siku zile kilikuwa redio, nacho kilionekana cha ajabu vijijini kama miwani inavyoonekana leo. Lakini redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Nguvu ya kampeni ile ilitokana na kuunganishwa kwa chombo, lugha ya Kiswahili, na binadamu aliyekuwapo kijijini.

Hilo ndilo somo la kuchukuliwa. Mafunzo ya kupumua, kunyoosha mgongo, kurudi kazini hatua kwa hatua na kuelewa maumivu yanaweza kurekodiwa kwa Kiswahili sanifu, na maelezo yake yakatolewa pia kwa Kinyamwanga, Kinyiha na Kindali pale inapobidi. Yanaweza kusikika katika redio za jamii, na yanaweza kusikilizwa katika simu ya kawaida ambayo mchukuzi tayari anayo mfukoni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao uliozinduliwa Januari 2024 ulikusudia kuwapata zaidi ya 137,000 nchini kote, wanaweza kufundishwa kuwauliza watu kuhusu maumivu kama wanavyowauliza kuhusu homa. Wataalamu wa fiziotherapia, ambao chuo cha KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa vinavyowaandaa, wapangiwe hospitali za wilaya na wasihesabiwe kuwa ni wa hospitali kubwa pekee. Mgonjwa anayeambiwa afanye mazoezi bila mtu wa kumwonyesha huacha baada ya siku tatu.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni anasa, maana zahanati nyingine bado zinapungukiwa na mahitaji ya lazima. Hoja hiyo ina uzito ikiwa ni ya kununua mamia ya miwani kwa fedha za kigeni, yafundishe kwa Kiingereza na yajae vumbi kabatini siku betri itakapokufa. Haina uzito ikiwa ni ya kumfundisha mtu kujitunza. Familia ya mchukuzi asiyeweza kuinama hukosa chakula, na darasa la mwalimu asiyeweza kusimama hukosa somo.

Walakini haifai kuifungia mlango miwani yenyewe. Bei za vifaa hivyo hubadilika, na jambo lililo ghali leo laweza kuwa la kawaida kesho. Inafaa yajaribiwe kwanza mahali penye wataalamu, mathalan katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa kishirikishwe kupima matokeo kwa wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini. Picha zitakazoonekana humo ziwe za mahali mgonjwa anapopajua. Mtu wa Vwawa hatatulizwa na theluji ambayo hajapata kuikanyaga zaidi ya atakavyotulizwa na mashamba ya kahawa yaliyochanua. Na taarifa za maumivu ya wagonjwa zilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyoagiza. Mwajiri hana haki ya kuzinunua ili ajue nani wa kumfukuza.

MZIGO WENYEWE

Baada ya kusema yote hayo, linabaki jambo moja ambalo hakuna kompyuta itakayolitatua. Maumivu mengi ya Tunduma yana chanzo kinachoonekana kwa macho, kinachopimika kwa mizani, nacho ni gunia. Kanuni za vipimo nchini zimepiga marufuku lumbesa, zikaweka kilo 100 kuwa ukomo wa gunia la mazao. Mjadala wa lumbesa kwa miaka yote umekuwa wa mkulima kupunjwa bei na halmashauri kukosa ushuru. Ni mara chache umetajwa mgongo wa yule anayelibeba. Wahenga walisema kweli kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilieleza kuwa mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55. Maana yake ni kwamba hata gunia lililo halali sokoni linakaribia mara mbili ya lile linalostahili bega la mtu.

Isitoshe, mchukuzi huyo aghalabu ni kibarua wa siku. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri. Kibarua anayelipwa kwa gunia, na tajiri aliyekwisha kuvuka mpaka kabla ya jua kutua, hana wa kumchangia. Siku kiuno kinapokatika, huondoka na maumivu yake na vidonge vyake.

Kumvika mtu huyo miwani ya kisasa, akafundishwa kupumua vizuri, kisha akarudishwa chini ya lumbesa ile ile, kutakuwa ni kuitumia sayansi kinyume na kusudi lake. Tiba na kinga haziachani. Halmashauri ya mji wa Tunduma ina uwezo wa kusimamia magunia madogo katika masoko na maghala yake, na ya kudai vitoroli na majukwaa ya kupakilia kama inavyodai ushuru. Maofisa wa vipimo na wa usalama mahali pa kazi wanaweza kukagua pamoja badala ya kila mmoja kwa siku yake. Wachukuzi wenyewe wanaweza kujiunga katika ushirika unaotambuliwa, ili wawe na sauti juu ya uzito wanaobeba na mfuko wa kuwasaidia wanapoumia. Walimu, wanaoaminiwa kila mtaa, wanaweza kuwa wa kwanza kuongoza vikundi vya mazoezi na mafunzo, wao wenyewe wakiwa wagonjwa wa ugonjwa huo huo.

Sayansi imekwisha kufanya sehemu yake ya mwanzo. Imethibitisha kwamba anayesema anaumwa anaumwa kweli, na kwamba mwili uliojifunza kuuma unaweza kufundishwa kutulia. Sehemu iliyobaki ni ya mganga wa wilaya, ofisa wa vipimo, mwalimu na diwani. Ipimwe kwa mambo mawili, yaani idadi ya watu wa Songwe waliopata mafunzo ya kujitunza kwa lugha wanayoielewa, na uzito wa gunia litakalopandishwa lorini Tunduma mwakani.